Tumbo limepunguzwa, kikombe cha uji hakijapunguzwa

Mtu akitoka hospitali baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, nyumbani anapokelewa na washauri wa aina mbili. Wa kwanza wanamwambia asahau kabisa ugali, wali na chapati, kwa kuwa ndivyo vilivyomnenepesha. Wa pili, ambao mara nyingi ni mama, mashangazi na majirani, wanaona amenywea ghafla na hawezi kumaliza hata nusu sahani, basi wanamletea uji wenye sukari, juisi ya embe na glasi ya maji yenye glukosi ya kopo. Wote wanamtakia mema, na kwa kawaida wote wanafanikiwa: ugali unaondoka mezani, uji na juisi vinabaki. Huo ndio mpangilio mbaya kuliko yote aliyoweza kupewa.

Wanga ni chakula kinachogeuka sukari mwilini, pamoja na sukari yenyewe, na wanga wa kuogopwa baada ya upasuaji huu ni ule unaonyweka. Wanga wa kutafuna haustahili kufukuzwa; unastahili kupewa kipimo chake na zamu yake kwenye sahani. Na anayefuta wanga wote moja kwa moja anajitafutia matatizo ambayo mengine ni makubwa kuliko kilo alizotaka kuziondoa.

Suala hili si la nchi za mbali tena. Upasuaji wa kupunguza uzito unafanyika Muhimbili Mloganzila na katika hospitali kubwa za Nairobi, na wapo wanaosafiri hadi India na Uturuki kisha kurudi na karatasi ya maelekezo ya lishe. Karatasi hiyo inataja oti, brokoli, matiti ya bata mzinga na vipande vya mkate wa ngano nzima. Ndani yake hamna sembe, muhogo, magimbi, ndizi za kupika wala dagaa. Mgonjwa asiyeona chakula chake kwenye karatasi anabaki na neno moja tu alilolielewa, kwamba wanga ni mbaya, na mengine anaachiwa ayabuni mwenyewe.

Tuanze na kilichobadilika ndani ya mwili. Aina mbili za upasuaji ndizo zinazofanywa zaidi. Katika slivu, daktari hukata na kuondoa takribani robo tatu hadi asilimia 80 ya mfuko wa chakula, akaacha bomba jembamba lenye kubeba kiasi cha mililita 100 hadi 150. Mlango wa chini wa tumbo, ule unaopitisha chakula kidogo kidogo kwenda kwenye utumbo, unabaki mahali pake. Katika baipasi, daktari hutengeneza kifuko kidogo cha mililita 30 hivi, sawa na vijiko viwili vya mezani, kisha hukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula hakipiti tena kwenye mlango ule wala kwenye sehemu ya mwanzo ya utumbo. Anayewekewa puto ndani ya tumbo ili ashibe upesi hajapasuliwa, na mengi ya makala hii hayamhusu.

Kwa hiyo kwenye baipasi hakuna tena bawabu. Kitu kigumu, kama kipande cha samaki au maharage, bado huchukua muda kwenye kifuko. Kimiminika kitamu hushuka palepale. Sukari nyingi inapoingia kwenye utumbo mwembamba kwa mkupuo, utumbo huvuta maji kutoka kwenye damu ili kuizimua. Ndani ya dakika 10 hadi 30 moyo unakwenda mbio, kijasho chembamba kinatoka, tumbo linasokota, mtu anasikia kichefuchefu na kuhisi lazima alale, na mara nyingi huishia kuharisha. Wataalamu wanaiita dampingi ya mapema. Kwenye slivu hutokea pia, kwa sababu bomba lililobaki humwaga chakula haraka kuliko tumbo la awali, ingawa ni mara chache na kwa ukali mdogo.

Sasa kipime kile kikombe cha uji. Bilauri ya mililita 300 iliyopikwa kwa gramu 40 za unga ina gramu kama 30 za wanga kutoka kwenye unga pekee. Vijiko vitatu vya chai vya sukari vinaongeza gramu 12 hadi 15. Jumla ni zaidi ya gramu 40, zimekwisha kupondwa, kupikwa na kulainishwa, na zinanyweka kwa dakika tano. Protini iliyomo ni gramu tatu au nne tu. Unga wa lishe uliochanganywa ulezi, soya na karanga ni bora kidogo kwa protini, lakini sehemu kubwa yake bado ni nafaka, na jina lake zuri halibadilishi hesabu. Soda ya chupa ya mililita 300 ina gramu 32 hivi za sukari. Juisi ya embe au ya miwa haina afadhali kwa kuwa imetoka kwenye tunda au kwenye bua. Ilipokamuliwa, nyuzinyuzi zilibaki kwenye kichujio. Na chai ya rangi yenye vijiko vitatu, ikinywewa mara tatu kwa siku, inampa mtu gramu 36 na zaidi za sukari ambazo hakuna mtu nyumbani anayezihesabu kuwa ni chakula.

Uji hauhitaji kupigwa marufuku. Unahitaji kupikwa upya. Kijiko kimoja cha mezani cha unga, gramu 10 hivi, kikipikwa kwenye mililita 150 za maziwa bila sukari, kinatoa takribani gramu 15 za wanga na gramu tano au sita za protini. Hicho ni kikombe kidogo, kinanywewa kwa kijiko kwa muda wa dakika 20, na kinatosha. Anayesumbuliwa na maziwa freshi baada ya upasuaji, jambo la kawaida hasa kwa waliofanyiwa baipasi, ajaribu mtindi usio na sukari. Sukari ya maziwa iliyomo imepungua kwa kuchachuka.

Kiasi gani cha wanga kwa siku? Vituo vingi huanza chini na kupanda kwa hatua. Wiki mbili za kwanza ni za vimiminika: maji kwa mafunda madogo mpaka yafike lita moja na nusu kwa siku, supu iliyochujwa, maziwa yenye mafuta kidogo, na unga wa protini kama umeandikiwa. Hapo wanga unatoka kwenye maziwa tu, na haina haja ya kuusaka kwingine. Kuanzia wiki ya tatu vinaingia vyakula vya kuponda: yai lililopikwa laini, samaki asiye na miiba, choroko au maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, na kijiko kimoja au viwili vya kiazi kitamu kilichopondwa. Baada ya wiki ya sita hadi ya nane mtu hurejea taratibu kwenye chakula cha kawaida. Katika miezi hii ya mwanzo jumla ya wanga mara nyingi inakuwa karibu na gramu 50 kwa siku, halafu inapanda kadiri chakula kinavyokubali, kuelekea gramu 100 hadi 130 mtu anapotulia kwenye uzito wake mpya. Protini haishuki chini ya gramu 60 kwa siku wakati wote huo. Hilo ndilo sharti la kwanza, na wanga hupewa nafasi inayobaki.

Namba hizi hazina maana mpaka zishuke jikoni. Ugali wa kilo moja ya unga na lita mbili za maji hutoa karibu kilo tatu, kwa hiyo kila gramu 100 za ugali mgumu zina wanga wa gramu 26 hivi. Wali uliopikwa una gramu 28 kwa kila gramu 100. Ndizi za kupika ziko karibu na 30, muhogo unafika 38, na kiazi kitamu kilichochemshwa kiko kwenye 18 hadi 20. Chapati iliyosukumwa kwa gramu 50 za unga ina gramu 37 peke yake kabla ya mchuzi wowote. Maharage yaliyochemshwa yana gramu 22 au 23, lakini saba kati ya hizo ni nyuzinyuzi ambazo hazigeuki sukari, na juu yake yanakuja na gramu nane za protini. Ndiyo maana ningemshauri yeyote aliyepasuliwa ayahesabu maharage, kunde na choroko kuwa ndiyo wanga wake wa kwanza, na nafaka ndiyo ya pili.

Dona au sembe? Dona ina nyuzinyuzi na madini zaidi, na ni chaguo zuri kwa anayepata choo kigumu. Lakini ni unga uliosagwa, nao hugeuka sukari kwa kasi ileile kwa kiasi kikubwa. Haumpi mtu ruhusa ya kuongeza tonge.

Na hapo kwenye tonge pana jambo ambalo karatasi za ughaibuni haziwezi kulijua. Sisi ugali hatuutafuni. Tunamega, tunaviringisha kiganjani, tunabonyeza kwa dole gumba, tunachota mchuzi na kumeza. Mchuzi ndio unaoufanya uteleze. Tonge la mkono wa mtu mzima lina uzito wa gramu 30 hadi 40. Kwa kifuko cha mililita 30, tonge moja tu lililomezwa zima limekijaza chote, na kwa kuwa ugali hunata, linakaa kwenye tundu la kutokea la kifuko kama lilivyo. Dakika chache baadaye mtu anasikia maumivu ya kubana katikati ya kifua, mate yanajaa mdomoni yakiwa na povu, halafu anatapika kamasi na tonge lilelile. Mkate mweupe laini, chapati ya moto na wali wa kuganda hufanya hivyo hivyo. Mgonjwa anadhani mwili umekataa wanga. Mwili umekataa donge.

Dawa yake ni ya mkono na meno. Tonge liwe na ukubwa wa punje mbili tatu za mahindi, litafunwe mara 20 hadi 30 mpaka liwe majimaji, na mlo mzima uchukue dakika 20 hadi 30. Mchuzi uwe wa kulowesha chakula, usiwe wa kunywea. Maji yasinywewe wakati wa kula wala ndani ya nusu saa baada ya kula, kwa sababu huusukuma wanga kwenda chini kabla ya wakati wake. Mtu apakuliwe kwenye sahani yake ndogo. Sinia la pamoja ni jambo jema katika familia zetu, lakini mbele ya sinia hakuna anayeweza kujua amekula gramu ngapi, na mwendo wa wenzake utamkimbiza.

Mpangilio wa sahani una uzito wake. Kitoweo kiliwe kwanza, mboga ya pili, wanga wa mwisho. Mtu wa miezi mitatu au minne baada ya upasuaji anaweza kupakuliwa hivi mchana: samaki wa kuchemsha gramu 60, mchicha vijiko viwili vya mezani, ugali wenye ukubwa wa yai la kuku wa kienyeji. Kijitonge hicho ni gramu 45 hivi, yaani wanga wa gramu 12. Akishiba kabla ya kukifikia, akiache. Protini na mboga zikitangulia, sukari ya mlo ule huingia kwenye damu kwa mwendo wa pole, na hilo limeonekana wazi pia kwa watu wenye kisukari ambao hawajapasuliwa chochote.

Tatizo la pili linakuja kwa kuchelewa, na ndilo linalowapotosha wengi pamoja na wahudumu wa afya. Mtu amemaliza mwaka au zaidi, amepungua, ana furaha, anakula vizuri. Anakunywa juisi na maandazi mawili saa mbili asubuhi. Kati ya saa tatu na saa tano anaanza kutetemeka, jasho linamtoka, maneno yanamchanganya, anasikia njaa ya ajabu. Wengine huzimia kabisa. Kilichotokea ni kwamba wanga ule ulifyonzwa kwa kasi, sukari ya damu ikaruka juu, utumbo ukamwaga homoni nyingi za kuamsha kongosho, na kongosho likatoa insulini, homoni ya kushusha sukari, kupita kiasi. Sukari iliporuka ikaporomoka hadi chini ya kawaida. Wataalamu huita hali hii dampingi ya kuchelewa, au sukari kushuka baada ya upasuaji.

Kipimo kinachothibitisha ni kile kinachochukuliwa dalili zikiwa zinaendelea. Kupima sukari asubuhi kabla ya kula hakuonyeshi chochote hapa. Itakuwa ya kawaida, na mgonjwa ataambiwa ana msongo wa mawazo au presha. Awe na glukomita, kile kifaa kidogo cha kupimia sukari ya damu, mkobani. Ikisoma chini ya 3.9 (kwa kipimo cha mmol/L) ni ya kuangaliwa, na ikisoma chini ya 3.0 ni hatari. Aandike saa, alichokula na namba, awapelekee madaktari daftari hilo. Sukari ikishuka hata kabla ya kula chochote, au usiku wa manane, basi chanzo kinaweza kuwa kingine, na uchunguzi wa kina usicheleweshwe.

Wakati wa dharura yenyewe hutakiwa gramu 15 za sukari: vijiko vitatu vya chai vilivyojaa kwenye nusu glasi ya maji, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300. Subiri dakika 15, pima tena. Kosa linalorudiwa nyumbani ni kumnywesha chupa nzima na juisi juu yake kwa sababu ya hofu. Sukari inaruka upya, insulini inafuata, na baada ya saa moja na nusu mtu yuko palepale alipoanza. Gramu 15 zikishamwinua, afuatishe yai, mtindi au gao la karanga ili asirudi chini. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali. Asiendeshe gari wala bodaboda mpaka akili itulie na namba irudi.

Kinga ni kupunguza mkupuo. Milo isizidi gramu 30 za wanga, vitafunio visizidi 15, na kila wanga uambatane na protini. Watu wengi hutulia kwa hatua hiyo peke yake. Wasiotulia, daktari huwaandikia akabosi, dawa inayochelewesha kuvunjwa kwa wanga utumboni. Anayeitumia ajue jambo moja: sukari ya mezani haitamwinua haraka, kwa kuwa dawa inazuia kuvunjwa kwake pia. Huyo anahitaji glukosi yenyewe. Lile kopo la glukosi ambalo ndugu walikosea kumletea nyumbani, hapa ndipo lina kazi.

Turudi kwa kundi la kwanza la washauri, wale wa kufuta wanga wote. Wanaofuata ushauri huo hupungua haraka kwa wiki chache, kisha wanachoka, kichwa kinauma, mdomo unanuka, choo kinakuwa kigumu kwa kukosa nyuzinyuzi na maji. Protini waliyohitaji kwa misuli inaanza kuchomwa ili kupata nishati. Halafu siku moja uvumilivu unakatika, na kinacholiwa siku hiyo si kiazi kitamu kilichochemshwa. Ni chipsi, keki na soda. Naona makatazo ya jumla yamesababisha ulaji wa kupindukia zaidi kuliko yalivyouzuia, na mtaalamu wa lishe anayeandika “usile ugali” bila kuandika ule nini na kwa kipimo gani hajamaliza kazi yake.

Lipo jambo moja linalohusu wanga ambalo linaweza kuondoa maisha au kumbukumbu ya mtu, na halitajwi vya kutosha. Mwili unahitaji vitamini B1, yaani thiamini, ili kuutumia wanga. Akiba yake ni ya wiki mbili au tatu tu. Mgonjwa anayetapika mfululizo baada ya upasuaji, au anayeshindwa kula kabisa, anaimaliza akiba hiyo. Anapelekwa zahanati akiwa amelegea, na kitu cha kwanza anachotundikiwa ni dripu ya glukosi. Wanga huo wa ghafla unakula thiamini kidogo iliyobaki, na ubongo unaumia: macho yanacheza au kuona viwili viwili, mwendo unayumba, akili inachanganyikiwa. Madhara mengine hayarudi nyuma. Utaratibu sahihi ni kumpa thiamini kwa sindano kabla ya glukosi, au kwa pamoja nayo, na maji aliyopoteza yarudishwe kwa dripu ya chumvi. Pale sukari inapokuwa imeshuka kweli, glukosi isicheleweshwe. Thiamini itolewe sambamba. Ndugu wa mgonjwa wana haki ya kusema mbele ya muuguzi yeyote: huyu alifanyiwa upasuaji wa tumbo, anatapika kwa siku kadhaa, tafadhali aanzishiwe thiamini. Kutapika kwa zaidi ya siku mbili tatu ni sababu ya kumpigia simu daktari aliyepasua, si ya kusubiri kliniki ya mwezi ujao.

Wenye kisukari nao wana lao. Baada ya baipasi hasa, sukari hushuka ndani ya siku chache, kabla hata kilo hazijaanza kuonekana kupungua, na wanga unaoliwa umekuwa mdogo sana. Anayeendelea na glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, au insulini kwa dozi ya zamani anaweza kuanguka. Dozi hizo hupunguzwa au kusimamishwa na daktari siku ya kutoka wodini, na mgonjwa asiruhusiwe kuondoka bila kuandikiwa dozi mpya. Metfomini, kidonge kingine cha kisukari, kwa kawaida huendelea, ikiwa ya vidonge vya kawaida badala ya vile vya kuyeyuka polepole.

Ramadhani inapokaribia, wagonjwa wa pwani huuliza swali moja. Katika mwaka wa kwanza, kufunga kunagongana na lita moja na nusu ya maji na gramu 60 za protini ambazo haziwezi kuingia zote kati ya magharibi na alfajiri kwenye tumbo la mililita 100. Mtu asifunge bila kuruhusiwa na daktari wake. Anayefunga baadaye atazame meza ya futari kwa jicho la hesabu: tende, uji wa pilipili manga, kaimati kwenye shira, magimbi ya nazi, tambi za sukari, juisi. Karibu kila kilichopo ni wanga, na sehemu kubwa yake ni wa kunyweka au wa kuyeyuka mdomoni, kwenye tumbo lililokaa tupu tangu alfajiri. Tende ndogo moja ina gramu tano au sita za sukari na haina ubaya. Afungue kwa tende moja na mafunda ya maji, aende kuswali, arudi kwenye samaki wa kupaka au maharage, kisha kipande kimoja cha gimbi. Maji yaendelee kwa mafunda usiku kucha, mbali na milo. Kaimati zinaweza kupita bila kuguswa.

Kilo zinaporudi, na kwa wengi huanza kurudi baada ya mwaka wa pili, ukiuliza vizuri hutakuta sahani kubwa ya ugali. Utakuta biskuti zinazochovywa kwenye chai, krispi, visheti, aiskrimu, kashata, kidogo kidogo kutwa nzima. Vyakula hivi huyeyuka na kuteleza, havikai tumboni, na ule ushibaji ambao mtu alilipia mamilioni hauvigusi. Anayesema kwa dhati “siwezi kumaliza hata nusu sahani” na anayenenepa ni mtu mmoja, na hadanganyi. Swali la kumuuliza ni amekula nini kati ya milo, na amekunywa nini. Pombe iingie kwenye orodha hiyo. Baada ya upasuaji hupanda haraka zaidi kuliko zamani, na bia inakuja na wanga wake.

Hospitali zinazofanya upasuaji huu, zetu na zile za nje zinazopokea watu wetu, zinaweza kurekebisha sehemu kubwa ya haya kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili anaopewa mgonjwa siku ya kutoka, na nakala nyingine kwa anayempikia. Uandike ugali kwa ukubwa wa yai na uji kwa kijiko cha unga. Utaje dozi mpya za dawa za kisukari na vitamini za kila siku. Uwe na mstari mkubwa unaosema “Thiamini kabla ya dripu ya glukosi”, wenye namba ya simu inayopokelewa usiku. Na kwa wanawake uongezwe mstari mwingine: mimba isubiri miezi 12 hadi 18, na itakapokuja, kliniki ya wajawazito isimnyweshe ile glukosi ya gramu 75 ya kupimia kisukari, kwa sababu kwa aliyefanyiwa baipasi inaweza kumwangusha palepale kwenye benchi. Badala yake apimwe sukari kwa glukomita nyumbani, kabla na baada ya milo, kwa wiki moja kati ya wiki ya 24 na ya 28 ya ujauzito.